Fuvu lililochemshwa na kutiwa jiki: lilipoharibikia, na namna ya kusafisha la pili

Swali la msomaji: "Mwaka jana nilichemsha kichwa cha beberu kwa saa sita hivi, nikakwangua nyama, kisha nikakilaza usiku kucha kwenye jiki. Fuvu lilitoka jeupe pepe, nikalitundika ukutani. Sasa paji limeota madoa ya njano yanayonasa vumbi, nikipitisha kidole linaachia unga kama chaki, na magego mawili yamepasuka. Nina kichwa kingine cha beberu, bado kibichi, kiko kwenye friza. Nilikosea wapi, la kwanza linaokoleka, na hiki cha pili nikifanyeje?"

Ndugu msomaji, nianze na ulipokosea, maana ukishapaelewa hapo, maagizo mengine hutahitaji kuyakariri.

Mfupa si jiwe. Takribani theluthi mbili ya uzito wa mfupa mkavu ni madini ya kalsiamu na fosfati, na sehemu kubwa ya kinachobaki ni kolajeni, protini ya nyuzinyuzi iliyopenya kote ndani ya madini hayo kama nondo ndani ya zege. Madini ndiyo yanayoupa mfupa ugumu, na kolajeni ndiyo inayouzuia usivunjike kama kigae. Ukichemsha mfupa saa nyingi, kolajeni hugeuka jelatini na kutokea majini. Ndiyo ile inayoufanya mchuzi wa mifupa ugande ukipoa. Kwa hiyo katika saa zile sita ulikuwa unachomoa nondo. Papo hapo mafuta yaliyokuwa kwenye uboho na kwenye vitundu vya mfupa yaliyeyuka, yakasambaa kila mahali, na sufuria ilipopoa yakaganda humo humo.

Halafu ikaja jiki. Klorini yake haichagui kati ya kipande cha nyama kilichosalia na kolajeni ya mfupa wenyewe. Zote ni protini, zote inazila. Huanzia juu kwenda ndani, na nyuma yake huacha tabaka la madini matupu, ambalo ndilo huo unga wa kidoleni. Mabaki yake yakinasa kwenye vitundu, huendelea kutafuna hata fuvu likiwa limeshatundikwa. Na ule weupe ulikudanganya. Mafuta yalikuwepo siku zote. Ulipausha uso wa mfupa tu, nayo yakachukua miezi kadhaa kupanda juu.

Kazi hii ina hatua tatu ambazo mpangilio wake haubadiliki: kutoa nyama, kutoa mafuta, kisha kung'arisha ukipenda. Wengi hufanya ya kwanza kwa moto, huiruka ya pili, halafu humalizia hasira zao zote kwenye ya tatu.

Kabla hujafungua friza, jiulize beberu huyu alikufaje. Kama alichinjwa akiwa mzima, endelea. Mnyama aliyekufa ghafla bila sababu inayojulikana, hasa akiwa anatokwa na damu isiyoganda puani, mdomoni au sehemu ya haja, haguswi, hachunwi, wala kichwa chake hakikatwi. Hiyo ni dalili ya kimeta, na vijidudu vyake vinaweza kukaa ardhini miongo kadhaa vikisubiri mtu wa kuvifukua. Huyo ni wa daktari wa mifugo. Vichwa vibichi vya mbwa, paka, mbweha, nguchiro na popo navyo viache kama hujui historia ya mnyama, kwa sababu virusi vya kichaa cha mbwa hukaa kwenye ubongo, na kugandisha hakuviui, bali huvihifadhi. Hata kwa mbuzi mzima vaa glovu na miwani, na kama ulipata chanjo ya pepopunda zamani sana, irudie. Ndoo, kisu na sufuria za kazi hii zisirudi jikoni tena. Na kama siku moja utatamani fuvu la mnyamapori, uliza kwanza sheria ya nchi uliyopo. Sehemu nyingi hukubali uwe nalo kwa kibali tu, hata kama ulimkuta mnyama ameshakufa, na ukitaka kulivusha mpaka unaweza kuguswa na CITES, mkataba wa kimataifa wa mwaka 1973 unaosimamia biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini.

Haya, kichwa. Kitoe kwenye friza ukiache kiyeyuke polepole siku nzima. Kukigandisha kulikuwa uamuzi mzuri, usijilaumu kwa hilo. Barafu hupasua chembe za nyama na kuifanya ilainike upesi baadaye. Chuna ngozi, toa ulimi, toa macho, kata misuli minene ya mashavuni. Hapa kisu kikali kinafaa, ila kisiguse mfupa. Alama ya kisu kwenye mfupa mbichi haifutiki, na ukishaukausha huonekana kama mstari wa penseli. Ukifika mahali ambapo unalazimika kukwangua, acha. Maji yatamaliza. Kwenye koo utakuta vijiti vyembamba vya mfupa vinavyoshikilia ulimi. Vihifadhi pembeni, wengi huvitupa bila kujua wametupa nini.

Taya la chini litenganishe sasa hivi, kila kimoja kitakaa vizuri zaidi kwenye ndoo.

Ubongo hutoka kwa tundu kubwa la nyuma ya fuvu, pale uti wa mgongo unapoingilia. Usilipanue tundu hilo kwa nyundo wala kwa msumeno, nimeyaona mafuvu mengi mazuri yaliyoharibiwa hivyo. Chukua waya uliopinda ncha, koroga taratibu hadi ubongo uwe uji, jaza maji, ziba kwa kidole gumba, tikisa, mwaga. Rudia mara tano, mara kumi. Hautatoka wote, na si lazima. Ila waya huo usiuingize puani. Ndani ya pua ya mbuzi kuna vikunjo vya mfupa vyembamba kama karatasi iliyoviringishwa, ndivyo vinavyoipa hewa joto na unyevu mnyama anapovuta pumzi, na mguso mmoja unatosha kuvibomoa. Fuvu lenye vikunjo vizima puani ukilishika dhidi ya mwanga unaelewa kwa nini watu hujisumbua na kazi hii.

Sasa ndoo. Namna ninayokupendekezea ni ya kuozesha ndani ya maji, ambayo ni ya zamani na ya bei ndogo, na haiujeruhi mfupa ukiisimamia vizuri. Wanaofanya kazi ni bakteria. Wewe kazi yako ni kuwapa joto na kutowafukuza. Tumia ndoo ya plastiki, si ya bati, maana kutu hupaka mfupa madoa ambayo hayatoki. Siku mbili tatu za mwanzo loweka kichwa kwenye maji baridi na uyabadilishe kila siku, ili damu itoke, kwa sababu damu iliyokaukia kwenye mfupa nayo huacha rangi. Baada ya hapo jaza maji upya mpaka fuvu lizame lote, funika kwa kifuniko kisichobana, na usiyabadilishe tena kwa pupa. Maji ya bomba yenye klorini yaache yakae wazi siku moja kabla ya kuyatumia. Usitie sabuni, usitie chumvi, usitie dawa yoyote ya kuua harufu. Kila ukitia kitu cha namna hiyo unawaua vibarua wako.

Joto ndilo linaloamua muda. Maji yakiwa kati ya nyuzi 30 na 37, kichwa cha mbuzi kilichochunwa vizuri huwa tayari kwa wiki mbili hadi nne. Kwenye nyuzi 20 hesabu miezi miwili na zaidi. Kama mahali ulipo pana baridi, hita ndogo ya tangi la samaki inatosha, mradi iwe imezama muda wote na uizime kabla ya kupunguza maji, la sivyo kioo chake hupasuka. Kupita nyuzi 40 sikushauri katika hatua hii.

Harufu ni mbaya, sitakuficha. Siku ya nne hadi ya kumi ndiyo kilele, na ukifungua kifuniko bila kusimama upande unakotoka upepo utajuta. Weka ndoo mbali na madirisha, yako na ya jirani. Maji yatakuwa ya waridi, kisha ya kijivu yenye utando juu. Yote hayo ni dalili njema. Kila baada ya wiki moja hivi punguza theluthi mbili ya maji, ujaze mengine yenye joto linalokaribiana. Ile theluthi iliyobaki ina bakteria wa kuanzia upya. Ukimwaga yote na kusugua ndoo mpaka ing'are, umerudi siku ya kwanza.

Na kila unapomwaga, mwaga kupitia chujio. Mwaka wangu wa kwanza wa kazi hii nilimwaga ndoo ya fuvu la mbwa chini ya mti, moja kwa moja, nikijiona nina haraka. Fuvu lilibaki mkononi, zuri kabisa, na taya lilikuwa na mashimo matatu ya meno ya mbele. Nilipiga magoti kwenye tope lile linalonuka nikipekua kwa vidole kutafuta vitu vyenye ukubwa wa punje ya mchele. Nilipata kimoja. Tangu siku hiyo sijamwaga ndoo bila chujio la matundu madogo, na nikisikia kitu kimegonga waya wa chujio "tik", nasimama.

Meno yatatoka, usiogope. Nyama inayoyashikilia ikioza, yenye mzizi mmoja huanguka yenyewe. Mbuzi mkubwa ana meno 32: nane ya mbele, yote kwenye taya la chini, kwa sababu juu ana ufizi mgumu tu, na magego sita kila upande, juu na chini. Yahesabu. Yale manane ya mbele ndiyo yanayopotea zaidi, kwa hiyo kabla hujaloweka taya lipige picha karibu, au funga kila upande wa meno kwa kipande cha soksi nyembamba ya nailoni ili yaangukie humo yakiwa na mpangilio. Kama beberu alikuwa bado mdogo, unaweza kuona gego la utoto linavulika kama kofia na gego jipya limejificha chini yake. Hilo si jino lililovunjika.

Mifupa mingine nayo italegea. Vipande viwili vyembamba vya ncha ya pua ya mbuzi huachia karibu kila mara, taya la chini hugawanyika mara mbili pale kidevuni, na kwa mnyama mdogo hata mishono ya utosi inaweza kufunguka. Hujavunja kitu. Mishono ni mipaka ya mifupa iliyokuwa bado haijaungana, na kila kipande hurudi mahali pake kwa gundi.

Pembe zinahitaji aya yake. Kinachoonekana nje ni ganda la keratini, kitu kile kile cha kwato na kucha, lililovikwa juu ya mfupa kama ala juu ya kisu. Kati ya ganda na mfupa kuna tabaka la nyama, na hilo nalo lazima lioze. Loweka mashina ya pembe pamoja na fuvu kwa wiki ya kwanza, kisha kila baada ya siku mbili tatu shika pembe chini karibu na paji uizungushe kidogo, huku na huku, bila kuipinda. Siku ikifika utahisi inacheza, halafu inachomoka kwa mlio wa kufyonza. Beberu mzee anaweza kukuchelewesha. Pembe zikitoka, usizirudishe kwenye ndoo; keratini ikikaa majini mno huanza kuchanika kwa tabaka. Kwangua ndani, suuza kwa maji ya sabuni, kausha kivulini, na andika ipi ni ya kulia na ipi ya kushoto. Mfupa wa ndani ya pembe ya mbuzi una uwazi unaoungana na paji, hivyo maji machafu hujificha humo. Kila unaposuuza fuvu ligeuze juu chini mpaka liache kudondosha.

Utajuaje nyama imekwisha? Gegedu na kano zitakuwa zimeachia, ukisukutua fuvu chini ya maji hakuna kamba inayoning'inia, na ukichungulia kwa tochi kwenye tundu la nyuma unaona mfupa mtupu. Harufu itakuwepo bado, na hiyo isikufanye uanze kuchemsha. Suuza, loweka siku mbili kwenye maji safi, endelea. Maji machafu yamwage kwenye shimo la udongo, mbali na kisima na mkondo wowote.

Hapa ndipo watu wengi wanafikia wakadhani wamemaliza, na hapa ndipo la kwako la kwanza lilipofia. Mafuta hayaonekani kwenye mfupa mbichi. Ukikausha fuvu wiki mbili kivulini ndipo sehemu zenye mafuta zinapojitokeza: zina rangi ya asali, zinapitisha mwanga kidogo kama karatasi iliyodondokewa mafuta ya taa, na ukizishika zinateleza. Kwa mbuzi tafuta nyuma ya fuvu, kwenye vifundo vinavyolalia shingo, na kwenye kona za taya. Nguruwe, mbwa na farasi ni wabaya zaidi, mafuvu yao hunywa mafuta kila mahali. Mbuzi, kwa bahati yako, ni mpole.

Dawa yake ni maji ya uvuguvugu, sabuni ya maji ya kuoshea vyombo na subira. Chagua sabuni isiyo na klorini. Kijiko kikubwa kimoja kwa kila lita moja au mbili kinatosha. Maji yawe nyuzi 40 hadi 50 kama unaweza kuyaweka hapo, kwa sababu mafuta yaliyoganda hayatoki. Usipite 50, utarudi kwenye mambo ya kolajeni. Baada ya siku chache maji yatakuwa na ukungu na utando utaelea juu. Chota utando kwanza, ndipo utoe fuvu. Ukilivuta fuvu kupitia utando huo unalipaka upya kile ulichokuwa unakitoa. Badilisha maji na sabuni, endelea, mpaka maji yakae wiki nzima bila kuchafuka. Kwa mbuzi hiyo inaweza kuwa wiki tatu. Fuvu la nguruwe limewahi kunikalia miezi mitano. Kausha tena, angalia tena. Rangi ya asali ikirudi, nalo linarudi ndooni.

Wapo wanaotumia asetoni, kimiminika kile cha kuondolea rangi ya kucha, badala ya sabuni, na kweli huyeyusha mafuta upesi. Kwa anayefanya kazi nyumbani mimi siipendi: mvuke wake hushika moto kwa cheche ya swichi, na unahitaji lita nyingi za kuzamisha fuvu lenye pembe. Kama utaitumia kwa lolote, kumbuka kwamba asetoni na hidrojeni peroksaidi, dawa ya kung'arishia nitakayoieleza hapa chini, havikutani kamwe, si kwenye chombo, si kwenye mfupa uliolowa, kwani vikichanganyika vinaweza kuzaa kilipuzi. Na jiki isichanganywe na amonia, gesi yake huunguza mapafu.

Kung'arisha sasa ni kazi nyepesi. Hidrojeni peroksaidi ya asilimia 3, ile ya duka la dawa, inatosha. Ukipata ya asilimia 12 ya kupaka rangi nywele, sehemu moja kwa sehemu tatu za maji hukupa asilimia 3 hiyo hiyo. Ile kali ya asilimia 30 na kuendelea waachie wenye maabara, huunguza ngozi mara moja. Tumia chombo cha plastiki, zamisha fuvu, litie uzito kwa mtungi wa kioo uliojaa maji kwa sababu mapovu huliinua, na funika bila kubana. Peroksaidi hutoa oksijeni, na chombo kilichofungwa kinaweza kupasuka. Usiipashe moto. Angalia kila baada ya saa kadhaa. Siku moja hadi tatu kwa kawaida zinatosha. Povu jingi linaloendelea kutoka sehemu moja linakuambia bado kuna kitu mle, nyama au mafuta. Maganda ya pembe yasiingie humo, yatapauka na kupoteza weusi wake. Kama pembe zilikataa kutoka, basi zungushia pamba fuvu peke yake, ilowanishe kwa peroksaidi, funika kwa plastiki yenye matundu, na ukae nayo karibu.

Ukiniuliza mimi, ishia kabla halijawa jeupe kama karatasi. Mfupa safi wa asili ni wa rangi ya malai, una vivuli kwenye mishono na karibu na meno, na vivuli hivyo ndivyo vinavyofanya jicho lisome umbo.

Kukausha ni kivulini penye upepo, wiki mbili. Jua hukausha upande mmoja kabla ya mwingine, na jino lina matabaka yasiyonywea kwa kasi moja. Ndiyo maana hupasuka kwa urefu. Magego yako mawili nadhani yalipasukia hapo, yakiwa yameshadhoofishwa na moto. Chonge za wanyama wala nyama na meno ya nguruwe hupasuka hata ukijitahidi, ila kuyapaka gundi nyeupe ya mbao iliyopunguzwa kwa maji husaidia. Gundi hiyo hiyo ndiyo ya kurudishia meno na vipande vya pua. Napendelea hiyo kuliko gundi kali ya papo hapo, kwa sababu ukikosea jino likakaa upande usio wake, unalowesha na kulitoa.

Utasikia ushauri wa kuzika. Udongo hufanya kazi, ila huipaka mifupa rangi ya kahawia, mizizi huichora, udongo wenye tindikali huila, na wanyama hufukua. Ukilazimika, weka kichwa ndani ya chungu chenye matundu, si moja kwa moja ardhini, na meno yote yatabaki chunguni. Utasikia pia habari za Dermestes maculatus, mbawakawa wala mizoga, ambao makumbusho makubwa kama Field Museum ya Chicago huwafuga ili viwavi wao wale nyama iliyokaushwa. Kwa fuvu la panya au la ndege hakuna kinachowazidi, kwa sababu mifupa yao midogo hubaki imeshikana. Ila wakitoroka watakula sufu, ngozi, manyoya na pembe zako. Kwa fuvu moja la beberu ni kama kuajiri kijiji kupalilia tuta moja.

Sasa lile la ukutani. Literemshe, na usilitie dawa yoyote ya kung'arisha tena. Linuse kwa karibu. Kama linanuka klorini hata kidogo, au hulikumbuki kama lilisuuzwa vizuri, liloweke kwenye maji safi siku tano sita ukibadilisha kila siku, ukiliweka juu ya kitambaa ili unga ukidondoka usiburuze kipande. Likaushe kivulini. Halafu paguse paji kwa ukucha, mahali pasipoonekana. Ukucha ukizama, mfupa hautastahimili wiki za sabuni, na itabidi uyakubali madoa ya njano kama sehemu ya historia yake. Ukucha ukiteleza na kuacha vumbi tu, lipe maji ya sabuni ya nyuzi 40, siku nne nne, mara mbili au tatu, bila brashi.

Kuimarisha ndiyo hatua ya mwisho, kwa sababu mafuta ukishayafungia ndani hayatoki tena. Wahifadhi wa makumbusho hutumia Paraloid B-72, plastiki ya punje inayoyeyushwa kwenye asetoni kwa kiasi cha asilimia 5 hadi 10, na sifa yake ni kwamba asetoni hiyo hiyo huiondoa siku ukitaka. Ifanyie nje, mbali na moto. Usipoipata, sehemu moja ya gundi nyeupe ya mbao kwa sehemu nne au tano za maji hufanya kazi inayoridhisha. Paka kwa brashi laini, nyembamba sana, acha inywewe, rudia siku ya pili. Vanishi ya samani usiipake. Hugeuka njano, humetameta, na ikianza kubanduka huondoka na uso wa mfupa. Nyufa za magego zijaze kwa gundi ile ile bila kuipunguza, ukiyabana kwa mpira mwembamba usiku kucha.

Likishakauka lirudishe ukutani, ila usilining'inize kwa pembe. Pitisha waya kwenye tundu la nyuma, uzito ulale kwenye mfupa mnene wa kisogo. Na kila miezi michache chungulia kwenye mashina ya pembe. Ukiona vumbi laini limejikusanya hapo, ni viwavi wa nondo wa nguo, ambao hula keratini kama wanavyokula sufu. Vua ganda la pembe, lifunge kwenye mfuko wa plastiki, na ulirudishe friza kwa wiki mbili.